Gorila na Shati Kuukuu la Shambani

Hapa Mwika mgomba haupotei bure. Ukishatoa mkungu wake tunaukata. Majani tunampa ng'ombe aliye zizini, na shina tunalikatakata ili apate na yale maji yaliyomo ndani. Hata mtoto wa miaka saba anaijua kazi hiyo. Leo tutajifunza habari za mnyama mwingine anayependa shina la mgomba. Yeye hangoji kukatiwa. Huingia shambani mwenyewe, huupasua mgomba kwa mikono na meno, akala moyo wake ule mweupe. Ndizi zenyewe mara nyingi huziacha. Mnyama huyo ni gorila.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Watu wengi husema "sokwe" kwa kila mnyama wa namna ya nyani asiye na mkia. Katika somo hili tutasema "sokwe" kwa wale wa Gombe na Mahale, kule Kigoma. Tutasema "gorila" kwa wale wakubwa kuliko wote. Tanzania hatuna gorila wa porini. Msitu wetu wa Kilimanjaro una mbega na kima, nao wana mikia. Gorila wa milimani, ambao ndio tutawazungumza hapa, wapo katika nchi tatu tu duniani: Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengine wanaishi katika milima ya Virunga, ambayo ni milima ya volkeno kama huu wetu. Wengine wanaishi katika msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda. Pale Bwindi mashamba ya watu yamefika mpaka ukingoni mwa msitu, kama vihamba vyetu vya juu.

MWILI WA GORILA

Dume mzima huweza kufikia kilo 200, yaani uzito wa magunia mawili ya mahindi. Jike ni kama nusu ya hapo. Dume akifika umri wa miaka 12 hivi, manyoya ya mgongoni huanza kugeuka meupe kama mvi. Ndiyo maana dume mkubwa huitwa "mgongo wa fedha". Ana meno 32, idadi ileile ya meno ya mtu mzima. Utosini ana ukingo wa mfupa uliosimama, na hapo ndipo inaposhikwa misuli mikubwa ya taya. Majani magumu na magome yanataka taya lenye nguvu.

Tumbo lake ni kubwa, na mtu anaweza kudhani ni la pombe. La hasha! Ni utumbo mrefu na mpana, ambamo majani hukaa na kuchachuka polepole mpaka yatoe nguvu yake. Kwa kuwa majani hayo yana maji mengi, gorila wa milimani hunywa maji mtoni kwa nadra sana. Akitembea, hukunja vidole vya mikono na kukanyagia vifundo vya vidole hivyo.

Wengi tumeona katika sinema gorila akijipiga kifua kwa ngumi. Sivyo. Hujipiga kwa viganja vilivyo wazi, na mlio wake huweza kusikika umbali wa kilometa moja. Mwaka 2021 wataalamu waliofanya kazi Rwanda walitoa matokeo ya kupima sauti hizo. Waliona kwamba dume mwenye mwili mkubwa hutoa mlio mzito zaidi, kama vile ngoma kubwa na ngoma ndogo zisivyolia sawa. Basi gorila aliye mbali, hata kama haoni kitu kwa sababu ya msitu, anaweza kujua ukubwa wa mwenzake na kuamua kama aende au akae. Kumbe kupiga kifua huzuia ugomvi mara nyingi, si kuuanzisha.

DOLE GUMBA NA PUA

Wazungu waliwajuaje gorila hawa wa milimani? Kwa bunduki. Mwezi wa Oktoba mwaka 1902, ofisa wa Kijerumani jina lake Robert von Beringe alipanda mlima Sabyinyo akaua gorila wawili. Alikuwa wa serikali ileile ya Wajerumani iliyotawala Moshi wakati huo. Gorila mmoja alipelekwa Berlin, na mpaka leo jina la kitaalamu la mnyama huyu lina jina la Beringe ndani yake. Baada ya hapo wakaja wawindaji wengine. Kwa miaka mingi elimu ya gorila ilikuwa ni elimu ya ngozi na mifupa iliyowekwa makumbusho.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1959, alipofika George Schaller kutoka Marekani. Huyu aliwaendea gorila polepole, akakaa mahali pa wazi wamwone, akaandika yale waliyofanya. Mwaka 1967 akaja mama mmoja, Dian Fossey, naye Mmarekani. Alitumwa na Louis Leakey, yule mtaalamu aliyezaliwa Kenya, ambaye mwaka 1960 alikuwa amemtuma Jane Goodall kwenda Gombe kuwaangalia sokwe wetu. Fossey alijenga kambi yake Rwanda, kati ya milima Karisimbi na Visoke, akaiita Karisoke. Aliuawa katika kambi hiyo mwezi wa Desemba 1985, lakini kazi aliyoianzisha inaendelea mpaka leo.

Tazama sasa jinsi alivyowatambua gorila, maana ukiwaona mara ya kwanza wote ni weusi na wote wanafanana. Alichora pua zao. Juu ya matundu ya pua ya kila gorila kuna mikunjo na mistari, na hakuna gorila wawili wenye mistari sawa. Fossey alichora mistari hiyo daftarini kwa kalamu ya risasi, akampa kila mmoja jina. Wapo kati yetu waliokuwa wakitia dole gumba kwenye karatasi za chama cha ushirika kabla hawajajua kuandika majina yao. Hao hawahitaji kuelezwa zaidi. Pua ya gorila ndiyo dole gumba lake.

Daftari hizo zilifundisha mambo mengi. Gorila huishi kwa makundi, na dume mwenye mgongo wa fedha ndiye anayeongoza kundi. Kila jioni kila mkubwa hujitandikia kitanda kipya cha majani, na mtoto mchanga hulala na mama yake. Asubuhi huacha kinyesi palepale kitandani. Kwa wapimaji hiyo ni mali. Ukihesabu vitanda unapata idadi ya kundi, na ukiangalia ukubwa wa kinyesi unajua nani mkubwa na nani mdogo. Siku hizi kinyesi hupelekwa maabara. Humo husomwa chembe za urithi, yaani zile zinazoonyesha nani ni mtoto wa nani, tena huonekana na minyoo aliyonayo mnyama. Yote hayo bila kumgusa gorila.

Jambo lililotugusa sisi zaidi ni habari za yatima. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya daftari za Karisoke za miaka zaidi ya 50. Yalionyesha kwamba gorila mdogo aliyekwisha kuacha kunyonya, akifiwa na mama yake, hafi kwa wingi kuliko wenzake. Kundi humpokea. Tena mara nyingi ni yule dume mkubwa anayemweka karibu na kumlaza kitandani mwake. Dume wa kilo 200, mlezi wa yatima! Utafiti mwingine wa Karisoke, wa mwaka 2018, ulionyesha kwamba madume waliopenda zaidi kukaa na watoto ndio pia waliopata watoto wengi kuliko madume wengine.

Lakini gorila wa kike huzaa kwa nadra. Mimba yake ni ya miezi minane na nusu, karibu sawa na ya mwanamke. Akishajifungua hukaa kama miaka minne kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo mtoto mmoja akifa, pengo lake haliji kuzibwa upesi. Shika jambo hilo, maana sasa tunafika kwenye kisa chenyewe.

UPELE WA BWINDI

Mwaka 1996 daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka, Mganda, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi katika hifadhi za Uganda. Ikamfikia habari kutoka Bwindi kwamba gorila wa kundi moja wananyonyoka manyoya na kujikuna. Mtoto mchanga ndiye aliyekuwa katika hali mbaya kuliko wote. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, ina magamba.

Daktari huyu alifanya jambo la busara. Kabla hajaenda alimwuliza daktari wa watu: ni ugonjwa gani wa ngozi unaowapata zaidi watu wasio na uwezo? Akajibiwa, ni upele. Walipopima, kweli, ulikuwa upele. Mtoto yule wa gorila alikufa. Wenzake walipewa dawa ya aivamektini, wakapona. Dawa hiyo wafugaji wanaijua, maana ng'ombe hudungwa kwa ajili ya minyoo na upele. Lakini gorila hashikwi kama ndama. Sindano yake hurushwa kwa bunduki maalumu.

Sasa likabaki swali: gorila waliupata wapi upele?

Fikiri juu ya shamba. Mahindi yakikaribia kukomaa, mkulima husimika miti miwili msalaba, akaivika shati kuukuu na kofia, ili ndege na nyani wadhani ni mtu. Sisi tunafanya hivyo katika mashamba ya tambarare. Kule Bwindi wanafanya vilevile. Gorila alipotoka msituni kufuata migomba alilikuta shati lile. Gorila ni mdadisi kama mtoto. Akilikuta shati hulishika, hulivuta, hulinusa. Inaaminika kwamba upele ulitoka hapo, katika nguo za watu waliokuwa nao.

Upele huletwa na mdudu mdogo sana wa jamii ya utitiri, ndugu wa wale wanaowasumbua kuku wetu. Jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na mwasho wake huzidi usiku. Akiwa nje ya mwili huishi siku mbili tatu tu. Basi shati lililokaa shambani mwezi mzima halina hatari, bali lile lililovuliwa jana na mgonjwa lina hatari. Mtu mwenye upele aende zahanati. Na watu wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja, hata wasiojikuna, tena nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Akitibiwa mmoja peke yake, wiki zijazo ataambukizwa tena na wale wale anaolala nao.

MAFUA YETU, KIFO CHAO

Kisa cha upele hakikuwa cha kwanza. Mwaka 1966, hapa kwetu Tanzania, ugonjwa wa polio uliwapata sokwe wa Gombe. Wengine walipooza mikono au miguu, wengine walikufa. Jane Goodall na wenzake waliwapa wale wazima chanjo ya polio ndani ya ndizi. Ndizi tena!

Mwaka 1988 ugonjwa wa kifua uliingia kwa gorila wa Rwanda na kuua majike kadhaa. Ulidhaniwa kuwa surua, na gorila wakachanjwa chanjo ileile ya surua wanayopewa watoto wetu kliniki. Mwaka 2009 kundi jingine la Rwanda lilipatwa na mafua. Gorila 11 kati ya 12 waliugua, jike mmoja na mtoto mchanga mmoja wakafa. Wataalamu walipopima maiti walikuta kirusi cha binadamu, kile ambacho kwa mtu mzima huwa ni kikohozi cha kawaida tu. Na Januari 2021 gorila waliofugwa katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, waliambukizwa korona.

Kwa nini mafua yetu yanawaua wao? Kwa sababu miili yetu na yao inafanana mno. Chembe za urithi za gorila na za mtu zinafanana kwa kadiri ya 98 katika kila 100. Ugonjwa unaoingia kwetu unaona mlango uleule kwao. Sisi tumeuzoea, miili yetu inajua kupigana nao, wao hawajawahi kuuona. Njia hiyo hupitwa pande zote mbili. Ebola iliwaua maelfu ya gorila kule Kongo ya Brazzaville miaka ya 2002 na 2003, na watu waliogusa au kula mizoga waliipata.

Basi watalii wanaokwenda kuwaona wamewekewa sheria. Kundi moja la gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja tu. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi, maana watoto hubeba magonjwa mengi ya kuambukiza. Anayekohoa harusiwi pia. Zamani mtu alitakiwa akae umbali wa meta 7, na tangu korona ya mwaka 2020 ni meta 10 na kuvaa barakoa. Kuzishika sheria hizi si rahisi. Mtalii aliyelipa fedha nyingi anatamani kusogea, na gorila mwenyewe haijui sheria. Hapo ndipo anapohitajika askari wa hifadhi asiyeona haya kumrudisha mgeni nyuma. Chuo cha Mweka (Mweka, siyo Mwika, ingawa wageni huchanganya kila siku), kilichofunguliwa hapa mlimani mwaka 1963, kimefundisha walinzi wa wanyama kutoka nchi nyingi za Afrika.

CHOO CHA MWANAKIJIJI

Daktari Kalema-Zikusoka hakuishia kwenye sindano. Aliona kwamba ukimtibu gorila leo, na jirani yake mwanakijiji akabaki na upele, kesho gorila atarudi palepale. Mwaka 2003 yeye na wenzake walianzisha shirika la kuunganisha afya ya watu na afya ya wanyama. Wanakijiji wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba kando ya Bwindi. Hufundisha kuchimba vyoo, kunawa mikono, kupanga uzazi, kumpeleka hospitali anayekohoa wiki mbili au zaidi kwa kuwa huenda ni kifua kikuu. Watu haohao hutoa habari wakiona gorila wametoka msituni. Kipo na kikundi kingine cha wanakijiji ambacho kazi yake ni kuwarudisha gorila porini kwa kelele na kengele, bila mikuki wala mawe.

Sisi tunaipenda njia hii, lakini tusifiche upande wa pili. Mkulima aliyeamka na kukuta migomba kumi imelala chini hawezi kushibishwa na maneno matamu juu ya mnyama adimu. Na Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, watu wa kabila la Batwa, waliokuwa wakiishi kwa msitu ule tangu mababu, walitolewa, na wengi wao wakabaki bila ardhi. Sisi wa Kilimanjaro tunaoijua habari ya Nusu Maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani, tunaelewa uzito wa mpaka unaochorwa kati ya mtu na msitu. Sehemu ya fedha za watalii wa gorila hurudishwa kwa vijiji vya jirani. Kama zinatosha, waulizwe wenye migomba.

Hesabu nayo tuiseme. Mwaka 1981 katika milima ya Virunga walihesabiwa gorila 254 tu. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 huko huko ilipata 604. Hesabu ya Bwindi na msitu mdogo wa Sarambwe unaopakana nayo, ya mwaka 2018, ilipata 459. Jumla 1,063. Mwezi wa Novemba 2018 gorila wa milimani aliondolewa katika daraja la wanyama walio karibu kabisa na kutoweka, akapandishwa daraja moja. Bado yumo hatarini. Wote 1,063 wangeweza kuenea katika kona moja ya soko la Mwika siku ya gulio.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Ukiamka alfajiri ukakuta gorila saba katika kihamba chako, na nyumbani una mtoto anayekohoa, utafanya nini kwanza?

Kwa nini haikutosha kuwatibu gorila peke yao?

Nguo zilizovaliwa na mgonjwa wa upele katika nyumba yako huwekwa wapi sasa, na nani mwingine anazigusa?

Kama ungekuwa na daftari na kalamu ya risasi, na ukawaangalia mbega wa msitu wa juu kwa wiki moja, ungeandika nini ili uweze kumtambua mmoja mmoja?